Wimbo na Mwitikiaji Wake: Mwimbaji-Mtunzi Kati ya Jukwaa na Studio, Akitazamwa kutoka Babati

Mwimbaji-mtunzi ni msanii anayetunga maneno na sauti za nyimbo zake, kisha akaziimba mwenyewe, mara nyingi akiwa na ala moja tu mkononi, na ndiye anayebeba jina la kazi hiyo mbele ya hadhira na mbele ya sheria. Anapochota katika nyimbo za jadi za watu wake, na anapofanya kazi hiyo bila kuwa chini ya kampuni kubwa ya kurekodi, huhesabiwa katika kundi ambalo wafanyabiashara wa muziki duniani hulipa jina la indie folk, yaani muziki wa kiasili wa wasanii wanaojitegemea. Jina hilo ni geni, na pengine halihitajiki sana Afrika Mashariki, ambako mpiga zeze wa kilabuni alikuwa akijitegemea kabla kampuni hizo hazijazaliwa. Hata hivyo, shida inayoambatana nalo inawahusu watu wa Babati kama inavyowahusu watu wa Marekani: wimbo uliozoea kubadilika kila unapoimbwa mbele ya watu utafanywaje siku unapoingia studio na kutakiwa ubaki vilevile kwa miaka yote itakayofuata?

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo, kwa kuwa umekaa kwenye njia panda ambapo barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile ya Katesh na Singida, kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye viboko ambalo jina lake ni la mji wenyewe. Katika njia panda hiyo hukutana pia koo za lugha zisizo na undugu wowote baina yake, jambo ambalo ni nadra barani Afrika katika eneo dogo kiasi hiki. Wagorowa, ambao majirani huwaita Wafyomi, na Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, husema lugha za Kikushi. Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao kubwa, husema lugha ya Kinailoti. Warangi na Wambugwe ni Wabantu. Na upande wa magharibi, kwenye bonde la Yaeda Chini wilayani Mbulu, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kudokoa ulimi haijathibitishwa kuwa na jamaa popote. Anayetunga nyimbo katika mji wa namna hii amezungukwa na nadharia nne au tano tofauti za wimbo ni nini na ni mali ya nani, hata kama hakuna mtu aliyewahi kuziita nadharia.

Mfano ulio karibu zaidi ni slufay ya Wairaqw. Slufay ni utenzi mrefu wa baraka na maombi unaotolewa na mzee mwenye ufasaha, hasa mwishoni mwa kikao au baada ya watu kunywa pombe pamoja, na ndani yake mzee huomba mvua, amani, uzazi na afya, huyafukuza mabaya yaende mbali na nchi, na humtaja Lo'a, Mungu wa kike anayehusishwa na jua. Mzee hausemi utenzi huu peke yake. Kila mstari unapofungwa, waliokaa huitikia kwa sauti ya pamoja, na itikio hilo ndilo linaloipa baraka nguvu, maana kwa imani ya wenyewe neno lisiloitikiwa halijakamilika. Wanaisimu Rose Marie Beck na Maarten Mous, walioichunguza slufay kwa makini, wameandika juu ya uwezo huo wa sauti ya wengi, na hoja yao humsaidia sana mtu anayefikiria habari za kurekodi, kwa sababu inaonyesha kwamba anayeitwa msikilizaji ni nusu ya mtendaji. Ukimweka mzee huyo ndani ya chumba kilichozibwa sauti, ukamvisha visikizio masikioni na kumwambia atoe slufay mbele ya kipaza sauti, utapata maneno safi ya baraka ambayo haijaitikiwa na mtu.

Wahadzabe wanakwenda mbali zaidi. Ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, gizani kabisa, mwanamume mmoja akicheza kwa zamu na njuga mguuni huku wanawake wakiimba kwa sauti zinazopishana, na giza lenyewe ni sehemu ya ibada. Hapo kamera haina kazi, na kinasa sauti huchukua sehemu tu ya tukio, kwa kuwa ukimya baina ya njuga moja na nyingine unaeleweka tu kwa aliyekaa gizani. Basi jadi za ukanda huu, pamoja na tofauti zake zote, zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba wimbo hukamilika mahali ulipoimbiwa na mbele ya waliokuwapo. Albamu, ambayo ni mkusanyo wa nyimbo zilizorekodiwa na kupangwa kwa utaratibu maalumu chini ya jina moja, inasimama juu ya wazo la kinyume, kwamba wimbo unaweza kukamilika pasipo hata mmoja wa watakaousikiliza.

Katika ulimwengu wa Kiswahili mgongano huu una historia, na mtu wa kumtaja kwanza ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika na mitambo yake, alimkuta kijana huyo katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, akipiga gitaa kavu, yaani gitaa la mbao lisilotumia umeme, na akamrekodi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili, dole gumba likishika besi na kidole cha shahada kikifuma sauti za juu, huku akiimba kwa Kiswahili cha Katanga nyimbo alizozitunga au kuziunda upya mwenyewe. Na katika rekodi hizo umo wimbo uitwao Masanga, ambao wapiga gitaa wa Kenya, Uganda na Tanganyika walijitahidi kuuiga kwa miaka mingi. Wala umaarufu wake haukuishia kwenye santuri, kwani mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, lilelile ambalo miaka minne kabla yake Bob Dylan alizomewa na sehemu ya umati kwa kuingia na gitaa la umeme. Mtu akitafuta babu wa waimbaji-watunzi wa Afrika Mashariki, hana haja ya kuvuka bahari.

Jambo kubwa zaidi kuhusu Mwenda, ingawa halitajwi sana, lilionyeshwa na mtaalamu wa muziki David Rycroft, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliyaandika kwa nota mapigo ya gitaa lake na kuyafuatilia kipande kwa kipande. Kilichodhihirika ni kwamba Mwenda alikuwa na mizunguko mifupi ya sauti aliyoipanga upya kadiri alivyoendelea, akiongeza hapa na kupunguza pale, ili kwamba wimbo uleule usitoke sawasawa mara mbili. Waigaji wake, hata hivyo, walijifunza kutoka kwenye santuri, na santuri ilikuwa imekamata siku moja tu kati ya siku zake nyingi; wakaikariri siku hiyo nota kwa nota wakidhani ndiyo Masanga yenyewe. Hivyo ndivyo rekodi inavyofanya kazi yake, kwa kugeuza tendo kuwa kitu. Huo si ubaya, maana bila santuri ile jina la Mwenda lisingefika Nairobi wala Newport, lakini ni badiliko ambalo msanii anapaswa kulijua kabla hajalipa fedha za studio.

Tanzania yenyewe imepitia mifumo miwili ya kurekodi iliyo kinyume kabisa. Katika miongo ya kwanza ya uhuru Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa karibu mahali pekee nchini pa kurekodi bendi, na desturi ya hapo ilikuwa bendi nzima kuingia chumbani, kupangwa mbele ya vipaza sauti vichache na kupiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Mfumo wa pili ulikuja na studio za binafsi za miaka ya 1990, zikiwamo za maprodyuza Master J na P-Funk, ambazo ziliilea Bongo Fleva. Katika mfumo huu prodyuza hutengeneza kwanza biti, yaani mdundo kamili uliopangwa kwenye kompyuta, kisha mwimbaji huja na mashairi yake na kuyalaza juu ya mdundo huo, mstari mmoja mmoja ikibidi. Njia hii ni ya haraka na imetajirisha wengi, na hakuna sababu ya kuibeza. Ila kwa mwimbaji wa gitaa kavu au zeze ni kama kumshonea mtu nguo kabla ya kumpima, kwa kuwa wimbo wake tayari una mwendo wake, huharakisha penye hasira na husitasita penye huzuni, na mdundo wa kompyuta usiojua kusita humlazimisha aimbe kama saa ya ukutani.

Namna mgongano huo unavyoweza kutatuliwa, au kushindikana kutatuliwa, inaonekana vizuri zaidi kwa majirani wa kusini. Ukiifuata barabara ya lami kutoka Babati kupita Kondoa, kwa kilomita zipatazo 250, unafika Dodoma, nchi ya Wagogo, alikotoka Hukwe Zawose, mwanamuziki wa jadi wa Tanzania aliyejulikana duniani kuliko wote. Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki Desemba 2003, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere baada ya uhuru, akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, na kuanzia miaka ya 1980 akarekodi albamu kadhaa Uingereza. Ala zake kuu zilikuwa zeze, lenye kibuyu na nyuzi za kukwaruzwa kwa uta, na ilimba, ambayo ni kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba.

Ilimba inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake yamo maswali yote ya studio. Kwenye uso wa kisanduku hutobolewa tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando mwembamba unaotokana na kiota cha buibui, ambao chuma kinapolia hutetema na kutoa mvumo mwembamba kama wa nyuki ndani ya mzinga. Baadhi ya vijiti vya chuma havibonyezwi kabisa. Vimewekwa viitikie vyenyewe wenzao wanapopigwa. Kwa sikio la fundi aliyefunzwa kusafisha sauti, mvumo ule ni kasoro ya kuondolewa, ilhali kwa Mgogo ilimba isiyovuma ni kama chai isiyotiwa majani. Tena ipo habari ya ulinganifu wa sauti. Waya wowote ukipigwa hutoa sauti kuu pamoja na sauti ndogondogo zinazopanda juu yake kwa mpangilio wa kimaumbile, na muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za kimaumbile, zikiwamo ya saba na ya tisa. Sauti ya saba iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya hatua ndogo kabisa ya kinanda hicho. Programu ya kompyuta inayonyoosha sauti za waimbaji itaiona imepotoka na kuivuta juu, na kwa mbofyo mmoja itakuwa imemfundisha Mgogo kuimba vibaya kwa lugha yake mwenyewe.

Watayarishaji waliofanya kazi na ukoo wa Zawose walichagua njia tofauti, na hukumu juu ya kila moja inategemea mtu anatafuta nini. Chibite, albamu ya katikati ya miaka ya 1990 iliyotolewa na Real World, kampuni iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel, inaziacha sauti na ala zisimame karibu zenyewe, nayo inabaki kuwa ndiyo bora ya kumtambulisha mzee huyo kwa mtu asiyemjua. Assembly ya mwaka 2002, aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook, imemzungushia mitambo na magitaa ya umeme, na kuna mahali inasisimua na mahali pengine mzee anaonekana kama mgeni katika nyumba yake. Mwanawe, Msafiri Zawose, katika albamu ya Uhamiaji ya mwaka 2017, aliichanganya jadi na midundo ya kielektroniki kwa hiari na uongozi wake mwenyewe, na tofauti ya nani anashika usukani inasikika. Kisha mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, ambao kwa miaka mingi waliimba nyuma ya wanaume wa ukoo, walitoa Maisha chini ya jina la The Zawose Queens, wakipiga wenyewe ilimba na zeze ambazo kwa desturi zilikuwa mikononi mwa wanaume. Albamu hiyo ilirekodiwa Bagamoyo, kwenye mazingira yao, kabla ya kupelekwa Uingereza kumaliziwa, na wanawake wale wanaitikiana kama watu waliozoea kuimba uso kwa uso. Kati ya zote nne, hii ndiyo ambayo mwitikiaji hakuachwa nje ya mlango.

Upande wa pili wa dunia kuna mfano unaofaa kuwekwa pembeni yake. J.S. Ondara, mzaliwa wa Nairobi, amesimulia kwamba alipokuwa mwanafunzi aliweka dau na rafiki yake kuwa wimbo wa Knockin' on Heaven's Door ni wa kundi la Guns N' Roses, akashindwa, na kwa kushindwa huko akamgundua Bob Dylan. Alihamia Minneapolis mwaka 2013 akiwa hajui kupiga gitaa, akajifundisha, akaimba kwenye kumbi ndogo za mji huo, na mwaka 2019 akatoa albamu yake ya kwanza, Tales of America, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa kiasili wa Kimarekani. Ya pili, ya mwaka 2020, aliitunga na kuirekodi peke yake kwa siku chache wakati watu wamefungiwa ndani kwa sababu ya korona, nayo ina upweke wa chumba unaosikika wazi. Ondara anaimba kwa Kiingereza, gitaa lake linafuata desturi ya Wamarekani, na kazi yake ni nzuri. Lakini anayemsikiliza kutoka Manyara atagundua kwamba ni muziki wa mtu mmoja anayejisemea, usiomngoja yeyote amwitikie. Upweke huo ndio uliozaa mtindo mzima wa indie folk, ambao mojawapo ya albamu zake mashuhuri, ya Bon Iver, ilirekodiwa majira ya baridi ndani ya kibanda cha msituni huko Wisconsin. Kuuiga upweke huo Babati, katika mji ambao mtu hawezi kupiga gitaa barazani kwa dakika kumi bila watoto kukusanyika, ni kazi ya bure.

Kwa upande wa jukwaa, mwimbaji wa aina hii ana nafasi chache kuliko anavyostahili. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Zanzibar mwezi Februari tangu mwaka 2004, limeshikilia sharti la muziki kupigwa moja kwa moja, bila mwimbaji kufuatisha rekodi iliyokwisha andaliwa, na sharti hilo limewafungulia mlango wapiga ala wengi wa jadi. Karibu zaidi na Babati lipo tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino, lililoanzishwa mwaka 2009 na mwanazuoni Kedmon Mapana, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na ambalo huvikusanya vikundi vya vijiji kwa siku kadhaa mbele ya watu wanaozijua nyimbo zao. Babati nayo ina sherehe zake, na mwaka 2023 ilipokea kilele cha Mbio za Mwenge katika uwanja wa Kwaraa. Lakini sherehe za kitaifa humpa msanii dakika chache kati ya hotuba mbili, jua likiwa la utosi, na hadhira ikiwa imekaa mbali kiasi kwamba haiwezi kuitikia hata ikitaka. Jukwaa linalomfaa mtunzi ni dogo, lenye watu thelathini au arobaini, kwa sababu hapo huona usoni mwao ni ubeti gani umepwaya na ni upi umewagusa, na baada ya mara kumi za kuimbwa hivyo wimbo unakuwa umepigwa msasa na watu wengi bila wao kujua. Albamu nyingi mbovu zimerekodiwa mapema mno, kabla ya msasa huo.

Wakati wa kurekodi unapofika, mambo ya kawaida kabisa ndiyo huamua. Nyumba za Babati zimeezekwa kwa bati, na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, zikianguka juu ya bati hakuna kipaza sauti kinachoweza kuzishinda, kwa hiyo kazi hupangwa kiangazi au usiku wa manane, jogoo wakiwa wamelala na bodaboda zimepungua. Godoro lililoegemezwa ukutani na mablanketi mazito mlangoni hupunguza mwangwi karibu sawa na vifaa vya bei kubwa. Kipaza sauti cha gitaa hakielekezwi kwenye tundu lake, ingawa sauti hutokea hapo kwa wingi, maana pana mvumo mzito unaofunika kila kitu. Huelekezwa pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, umbali wa shubiri moja au zaidi kidogo, ambapo vidole na nyuzi husikika kwa usawa. Baada ya kurekodi hufuata kuchanganya sauti, yaani kupima ipi iwe mbele na ipi nyuma, kisha umaliziaji, ambao ni kuzisawazisha nyimbo zote ili msikilizaji asilazimike kupandisha na kushusha sauti kila wimbo unapobadilika.

Sheria nayo ina neno lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa, na COSOTA, chombo kilichotokana na sheria hiyo, ndicho kinachosajili kazi, nacho kwa miaka mingi kilikusanya pia mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kila kazi yake inapotumiwa kibiashara. Sheria hiyohiyo inazitambua sanaa za jadi kuwa mali ya jamii, na anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini ya BASATA. Kwa mtunzi wa Babati maana yake ni kwamba wimbo alioutunga kwa mtindo wa slufay ni wake, lakini baraka aliyoichukua neno kwa neno kwa mzee wa Dareda si yake, hata kama amenunua gitaa na kulipia studio kwa fedha zake mwenyewe. Uungwana unataka aende mbali kuliko sheria, amtaje mzee kwa jina ikiwa mzee ameridhia, na amgawie kinachopatikana.

Kinachopatikana, kwa ukweli, ni kidogo. Spotify, mtandao mkubwa wa kusikilizia muziki, ulifika Tanzania mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 hauulipi wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi kumi na miwili. Kwa wimbo wa Bongo Fleva idadi hiyo ni ya asubuhi moja, lakini kwa wimbo wa Kigorowa ni kiunzi kirefu. Wengi huona hapo sababu ya kuimba kwa Kiswahili tu, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliiimbisha nchi nzima kwa Kihaya, lugha ambayo wengi wa waliomshangilia hawakuielewa, kwa sababu sauti yake na ngoma zake zilitangulia kueleweka. Kigorowa na Kiiraqw zina konsonanti zinazotokea kooni na pembeni mwa ulimi ambazo Kiswahili hakina, na kupanda au kushuka kwa sauti ndani ya maneno yake hubeba maana ya kisarufi, kwa hiyo mtunzi wake hawezi kuupeleka wimbo juu au chini apendavyo. Hicho ni kifungo, lakini ndicho kinachoufanya wimbo wa huko usifanane na wa mahali pengine.

Malighafi ipo tayari. Mwanaisimu Andrew Harvey alikusanya kwa Wagorowa wa Babati hifadhi ya sauti na picha za lugha na utamaduni wao, iliyowekwa katika maktaba ya kidijitali ya ELAR, ambayo ilianzia London na sasa iko Berlin. Inashangaza kidogo kwamba sauti za wazee wa Babati zina makao ya kudumu Ujerumani, lakini msanii kijana mwenye simu na bando anaweza kuanzia hapo, kisha atembee kwa miguu kwenda kuwasikiliza wazee walio hai, ambao hawahitaji bando.

Atakapokuwa tayari kurekodi albamu yake, asikubali kibanda cha mtu mmoja. Atafute ukumbi wa shule au wa kanisa, kiangazi, usiku, aweke kipaza sauti kimoja karibu na gitaa na mdomo wake, na vingine viwili mbele ya watu ishirini waliokaa kwenye mabenchi, walioalikwa kwa kazi moja tu ya kumwitikia.